Kichupo cha Tatu cha Artemio

Artemio Sorongon alizaliwa bila kulia. Mkunga alimpiga makofi ya matako mpaka mkono wake mwenyewe ukavimba, mtoto akawa anatazama ukuta tu, kama mtu anayeomba radhi kwa kuwasumbua watu asubuhi. Alilia siku ya tatu, tena taratibu, kisha akanyamaza ghafla mgeni alipobisha hodi. Nilikuwapo mimi mwenyewe nimeshika beseni, na anayebisha aje anibishie usoni.

Akakua hivyohivyo. Sasa ana miaka arobaini na mmoja, mrefu, mabega ameyakunja kama mwavuli uliofungwa, na akipita njia ya kijiji chetu, Tabunan, hata mbwa hawajisumbui kubweka. Ukimsalimia, anaitikia wewe umeshafika nyumbani na kuvua viatu. Baba yake, Amado, alikuwa mtu wa majogoo wa kupigana. Amado aliuza nyati, akauza shamba la mpunga, akauza mabati ya paa, na lile bati moja lililobaki akamwezekea jogoo. Ndiyo maana Felisa, mama yake Artemio, alipokuwa anakata roho alimshikisha mwanawe msalaba akamwapisha: asitazame jogoo mwenye kisu mguuni maisha yake yote. Artemio akaapa. Mtu huyu hata supu ya kuku anainywa akiwa amefumba macho.

Kazi yake iko mjini, kwenye kampuni inayopokea simu za wazungu wenye hasira. Yeye hapokei simu, na afadhali, maana mteja angezeeka akingoja aitikiwe. Yeye anaandika msimbo, yale maandishi yanayoiamuru kompyuta. Alinieleza siku moja, akianza baada ya chakula cha mchana na kumaliza jua likizama. Kivinjari, alisema, ni kile kinachofungua kurasa za mtandao, na kila ukurasa una kijimlango chake juu kinachoitwa kichupo. Wenzake kazini walikuwa wamefungua vichupo thelathini kila mmoja, wanavisaka kwa kipanya huku mteja anawatukana. Artemio akaandika programu inayokaa pembeni, nje ya kivinjari kabisa, halafu inakiamuru: fungua hiki, kilete kile mbele, kizime sauti kile, funga kile. Simu ikilia, ukurasa wa mteja unajileta wenyewe.

"Yaani," nikamwambia, "ni kama mtu amesimama uani, anaamuru madirisha ya nyumba yafunguke na kufungwa, na yeye hajaingia ndani."

"Hivyohivyo, Lola!" akasema, maana kwetu bibi huitwa Lola, na kwa furaha ya kueleweka akala sahani nne za wali.

Sasa sisi wa Tabunan, nusu yetu tunaishi hapa na nusu wanaishi kwenye meli, hospitali na majiko ya watu. Mzazi akifa, watoto hawaji. Ndipo Artemio akaileta programu yake kwenye misiba. Kompyuta ndogo anaiweka kwenye kimeza cha kona, anaiunganisha na televisheni kubwa, kila mtoto aliye ng'ambo anapewa kichupo chake. Cresing, kiongozi wetu wa sala, akitaja jina, Artemio anabonyeza, na uso wa huyo mtoto unajaza televisheni na sauti yake inasikika, wengine wote kimya. Hakuna kusukumana kwenye simu ndogo, hakuna "haloo, haloo, mnanisikia?" katikati ya rozari. Mara ya kwanza walipoiona, Cresing aliinuka akagusa shavu la mtu kwenye kioo.

Tangu siku hiyo Artemio akawa haachwi. Nyumba kumi na nane alihudumia. Akiingia anavutiwa kiti cha mbele, sahani ya kwanza yake, akina mama wanamwita kwa jina. Nikauona mwavuli unaanza kufunguka, bega moja kwanza, halafu la pili. Kitu hicho ndicho alichokuwa nacho duniani, hakuwa na kingine. Nataka mkijue kabla sijasema nilichokifanya.

Mwenzetu Purita alipofariki, watoto wake wawili walikuwa mbali. Tomas ni mpishi melini. Merlinda, mkubwa, ni muuguzi Ayalandi. Merlinda hakupewa ruhusa, na siku ya maziko mtandao ulimkatalia, akazika mama yake kwa kusimuliwa. Ikabaki siku ya tisa. Kwetu siku ya tisa roho ndiyo inaondoka, na mtoto mkubwa ndiye anayesema sala ya kuiaga. Merlinda akapewa robo saa kazini. Saa tisa alasiri ya kwetu, robo saa, basi.

Saa nane na nusu Artemio alikuwa ameshapanga kila kitu. Kichupo cha kwanza, picha ya Purita na mishumaa. Cha pili, Tomas. Cha tatu, Merlinda. Watu wote walikuwa uani wanakula. Televisheni ilikuwa bado imezimwa.

"Lola," akaniambia, "nitazamie mashine, paka asipande. Nile kidogo."

"Nenda, mwanangu. Nitailinda kama askari wa benki."

Akaenda. Akaniamini, akaenda.

Mimi napenda majogoo. Nimelisema. Nawapenda kuliko alivyowapenda Amado, ila mimi sikuwa na mabati ya kuuza. Walipohamishiwa mtandaoni niliwafuata huko kwa simu ya mjukuu wangu, na hata walipopigwa marufuku nilijua mlango wa nyuma. Kusoma nasoma kwa kukokota, lakini mashine hizi hazidai shule. Unabonyeza alama ya kujumlisha, unabonyeza kipaza sauti kidogo, unasema unachotaka, inakuletea. Na mchana ule alikuwa anapigana jogoo mmoja mwekundu ambaye nilikuwa nimemfuatilia wiki tatu.

Nikaketi. Kwanza nikakutana na Tomas. Meli yake ilikuwa imeishiwa mtandao, uso umeganda, mdomo wazi, macho juu, kama maiti aliyeshtuka. Nikaona huu ni mkosi, uso wa namna hii kwenye nyumba ya msiba. Nikabonyeza kile kijimsalaba kidogo, Tomas akaondoka. Halafu alama ya kujumlisha, halafu kipaza sauti. Nikanong'ona. Mwekundu akaja, mzuri, shingo imemeta. Nikasikia kandambili za Artemio. Nikazima sauti, nikakirudisha kichupo cha Purita na mishumaa, nikainuka, nikajifanya namfukuza paka ambaye hakuwepo.

Sikuona nimefanya kosa. Mshumaa uko pale pale, Purita anatabasamu pale pale. Nani angejua?

Saa tisa wakaingia wote, wakapiga magoti. Televisheni ikawashwa. Cresing akasali vizuri siku ile, sauti imetulia. Mwishoni akageuka akasema, "Sasa Merlinda, binti mkubwa, amuage mama yake." Artemio akabonyeza.

"Kwa mwekundu! Mwekundu! Piga, piga huyo!"

Majogoo wawili walijaa televisheni nzima, manyoya yanaruka, damu, na watu mia tatu wanapiga kelele kwa sauti ambayo Artemio alikuwa ameipandisha ili hata viziwi wamsikie Merlinda. Siku maiti bado yuko ndani, karata kwetu ni ruksa, zinawaweka watu macho. Lakini siku ya tisa, katikati ya sala ya kuaga! Mzee mmoja aliyekuwa anasinzia akaitikia, "Mwekundu!" halafu akaona alipo.

"Artemio!" Cresing akapaza sauti. "Toa! Toa huo uchafu!"

 Artemio akabonyeza kitufe cha Tomas ili amkimbie jogoo. Televisheni ikamleta Merlinda, machozi yanamtiririka, anasema, "Nini hicho? Ni kelele gani hizo?" Artemio akaona programu imepagawa, Tomas ana uso wa Merlinda, akabonyeza funga. Merlinda akapotea. Alipojaribu kumpigia tena, ikaita, ikaita. Robo saa ilikwisha, mtoto wa watu akarudi kwa wagonjwa wake.

Purita akaondoka bila kuagwa na binti yake.

"Damu ya Amado," mtu mmoja nyuma akasema. Hakusema kwa sauti kubwa. Haikuhitajika.

"Si mimi niliyefungua," Artemio akasema.

"Mashine ya nani?" Cresing akamuuliza. "Nijibu, mwanangu. Mashine hiyo ni ya nani?"

"Yangu, Tiya," akasema, yaani shangazi.

"Ulimwapia mama yako juu ya msalaba."

Artemio akanitazama. Hakunitazama kwa kunishuku. Alitafuta tu uso mmoja wa kumsaidia, na mimi nilikuwa karibu. Nikainamisha kichwa, nikaanza kuhesabu punje za rozari ambazo nilikuwa nimeshazimaliza.

Wiki iliyofuata alizunguka. Nyumba zote kumi na nane, moja baada ya nyingine, kuomba radhi, hata zile ambazo mambo yalikwenda salama. Hatimaye akaja kwangu. Akasimama mlangoni na pakiti ya biskuti.

"Lola, samahani. Nilikuachia mashine, na aibu ikakupata ukiwa umekaa karibu nayo."

"Aa, mwanangu, ingia basi."

"Kosa ni langu," akasema. Siku ile alisema kwa haraka, kama mtu aliyekariri. "Niliviita vichupo kwa nafasi. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kimoja kikifungwa, vilivyobaki vinasogea, na programu yangu haina habari, inaleta chochote kilichokaa nafasi hiyo. Kila kichupo kina alama yake isiyobadilika hata kikihamishwa. Ningekiita kwa hiyo. Nilijua. Nikaona nitafanya baadaye."

"Na cha pili kilifungwa na nani?"

Niliuliza mimi. Nilitaka kujua kama anajua.

"Labda meli ilikata mtandao kikajifunga."

"Na jogoo?"

"Sijui, Lola. Tangazo, labda. Sijui." Akageuza ile pakiti mikononi. "Mama angekuwa hai, sijui ningemwambia nini."

Hapo ndipo mtu mwenye roho angesema. Mimi nikamsimulia habari ya upepo. Nikamwambia kimbunga kikija kutoka baharini kinaweza kutangulia kwenye nyaya siku mbili kabla, kinafungua na kufunga vitu humo, nilimwona binamu yangu redio yake ilitapika kihindi wiki nzima. Artemio akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Akasema, "Inawezekana, Lola." Akaondoka, na mabega yameshafungika.

Misiba miwili ikapita hakuitwa. Wakarudia simu ndogo na haloo, haloo. Nikawa namwona akishuka basi la mjini jioni na kupita njia ya nyuma ya kanisa, ya matope, asikutane na mtu.

Jumapili ya nne nikashindwa kuvumilia. Tulikuwa uani pa kanisa baada ya ibada, tunakunywa chokoleti ya moto. Nikasema, "Yule jogoo nilimfungua mimi."

 Cresing akaangua kicheko, chokoleti ikamtoka puani.

"Wewe, Basyon? Wewe uliyetuambia kambare alikuita jina kisimani?"

"Aliniita, ndiyo, lakini hili—"

"Wewe uliyeolewa na mzimu siku mbili ukamwacha kwa sababu anakoroma?"

"Cresing, nisikilize."

"Huyu hata feni anaiwasha kwa fimbo!" mwingine akadakia. "Leo anafungua kompyuta!"

Wakacheka mpaka wakafuta macho. Kisha Cresing akanishika mkono, sauti imelainika. "Una moyo, Basyon. Najua unamhurumia, unataka kumbebea. Lakini mwache, alibebe mwenyewe, ni mtu mzima." Akanijazia kikombe cha pili kwa wema wangu.

Nikakinywa. Ndiyo, nilikinywa chote.

Na habari ilimfikia Artemio. Kesho yake alileta wali wa kunata wa nazi, akauacha kizingitini, na karatasi: Asante Lola kwa kujaribu. Niliisoma kwa kukokota, neno moja moja, na ningependa kusema sikuula ule wali.

Siku ya arobaini ya Purita ilipokaribia, Cresing alikuwa ameshapanga kumpigia Merlinda kwa simu ya mkononi. Nikaenda kwa Artemio.

"Beba mashine. Unahitajika kwa Purita kesho."

Uso wake! "Tiya Cresing amesema?"

"Wewe beba."

Sikusema uongo. Lakini aliamini amesamehewa, nami nilimwacha aamini, kwa sababu bila hivyo asingekuja. Alivaa shati jeupe lenye mikunjo ya pasi.

Cresing alipomwona mlangoni alikunja uso. "Huyu kaitwa na nani?"

"Na mimi," nikasema. "Na hamtaanza sala kabla sijakaa kwenye kile kiti."

"Basyon, leo si siku ya michezo yako."

"Ndiyo maana."

Labda aliona kitu machoni mwangu, maana alinipisha. Artemio akaunganisha. Picha ya Purita ikaja, Tomas akaja, safari hii anapumua, Merlinda akaja. Alikuwa nyumbani kwake na sweta, amekonda. Chumba kizima kilikuwa kinatazama. Nikaketi.

"Mnasema sijui feni," nikasema. "Tazameni mkono."

Nikazima sauti kwanza. Kijimsalaba: Tomas, maskini, nikamfunga mara ya pili. Alama ya kujumlisha. Kipaza sauti. Nikasema yale maneno ya mlango wa nyuma, moja kwa moja, bila kukosea, kama mtu anayetaja majina ya wanawe. Majogoo wakajaa kioo bila sauti. "Huyu wa kushoto ni mjukuu wa yule mwekundu," nikasema, na hakuna aliyeniuliza nimejuaje. Nikakirudisha kichupo cha Purita na mishumaa. Kazi yote haikufika dakika moja.

"Hivi ndivyo nilivyofanya. Artemio alikuwa uani anakula, nyote mlikuwa naye mnamwona. Aliniachia mimi. Sasa, mwanangu, bonyeza Merlinda."

 Akabonyeza. Akaja Merlinda, uso wake kamili. Kumbe Artemio alikuwa ameshaitengeneza programu wiki ileile, akaiweka nyumbani, hana wa kumwonyesha.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimezoea, nikisema jambo, kusikia mtu anaguna, mtu anasema "Basyon huyo!" 

"Lola Basyon," Merlinda akasema kwenye televisheni. "Unajua siku ile nilikuwa wapi?"

"Sijui, mwanangu."

"Stoo ya mashuka. Nilijifungia humo, nimesimama kati ya makabati, nimeshika simu kwa mikono miwili. Nilisikia watu wanashangilia. Sikuona kitu, nilisikia tu. Nikadhani nyumbani kwetu wanasherehekea."

Nilitaka kupiga magoti, magoti yangu yakagoma, nikabaki nimeinama nusu kama mtu anayetafuta sindano.

"Nisamehe," nikasema.

"Leo sijui," akajibu. "Leo nimekuja kwa ajili ya Mama." Akafunga macho. "Raha ya milele umpe, ee Bwana."

"Na mwanga wa milele umwangazie," wakaitikia. 

Akasema yote, bila haraka, mpaka mwisho, akamwita mama yake kwa jina alilokuwa akimwita utotoni, na watu walilia kilio kile kizuri kinachomfungulia mtu kifua. Baadaye Cresing mwenyewe alimshika Artemio mkono akamketisha mbele. Sikusikia alichomwambia. Nilimwona anamfuta bega, kama vile kuna vumbi.

Sahani zikapita. Hakuna aliyeninyima, nisiwasingizie, zilipita tu. Nikabaki kwenye kiti cha kona, karibu na mashine, na hakuna aliyeniambia niondoke wala nikae.

Artemio akaja kukusanya nyaya. Alizikunja polepole, duara juu ya duara.

"Lola."

"Naam, mwanangu."

"Nilizunguka nyumba kumi na nane."

"Najua."

"Kwa nini uliniacha nizunguke?"

Nikafungua mdomo. Nilitafuta kitu cha kumwambia, chochote, cha kweli au cha kubuni, na mimi sijawahi kukosa. Alingoja. Huyu mtu anajua kungoja kuliko wote ninaowafahamu. Alingoja mpaka akaona hakitakuja, ndipo akasema, "Haya, Lola," bila ukali wowote, akachukua nyaya zake, akarudi kule mbele ambako chakula chake kilikuwa kinapoa.